Pazia la Dirisha la Gari: Linachofanya na Lisichofanya

Pazia la kujikunja ni kitambaa chembamba kilichozungushwa kwenye kijiti chenye springi ndani ya ganda la plastiki. Ukikivuta kitambaa hicho, hufunika kioo cha dirisha la gari. Ukibonyeza kitufe au kunasua kulabu, springi hukirudisha kwenye ganda. Baadhi ya magari huja na pazia likiwa limejengwa ndani ya mlango tangu kiwandani, hasa magari ya familia yanayoagizwa kutoka Japani yakiwa yametumika. Mengine huwekewa baadaye na wenye magari, kwa mapazia yaliyonunuliwa dukani, kwenye gulio au kwa wachuuzi wa stendi.

Kifaa hiki ni kidogo, na bei yake si ya kumfilisi mtu. Hata hivyo tumeona vema kukipa nafasi katika kijitabu hiki, kwa kuwa maneno yanayoandikwa kwenye pakiti za bidhaa za aina hii huweza kuwa makubwa kuliko kazi yake. Mzazi anayeamini kwamba pazia huzuia joto lote anaweza kumwacha mtoto garini. Dereva anayeamini kwamba wavu mweusi haumzibi macho anaweza kukosa kumwona mwendesha bodaboda. Mtu mwenye ualbino anayeamini kwamba amekingwa kwa asilimia 99 anaweza kusafiri kutwa nzima huku ngozi yake ikiungua. Kwa hiyo tunaeleza hapa pazia linafanya nini, halifanyi nini, na mlaji wa Karagwe na Kyerwa alitazame vipi kabla ya kutoa fedha yake.

Hewa ya ubaridi, jua kali

Wilaya za Karagwe na Kyerwa ziko katika nyanda za juu. Makazi mengi yako zaidi ya mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ni ya ubaridi ukilinganisha na ya Dar es Salaam au Tanga. Ubaridi huo humfanya msafiri adhani kwamba jua la huku ni la upole. Sivyo. Wilaya hizi zipo jirani kabisa na Ikweta, na zaidi ya hayo mwinuko huongeza nguvu ya mionzi ya urujuanimno, yaani ile mionzi ya jua isiyoonekana ambayo huunguza ngozi na kudhuru macho. Mionzi hiyo huongezeka kwa takriban asilimia 10 kwa kila mita 1,000 za kupanda. Hewa inaweza kuwa ya ubaridi na mionzi ikawa mikali saa ileile.

Jambo la pili la kufahamu ni upande ambao jua huingilia. Katika wilaya hizi jua hufika juu kabisa karibu na saa saba mchana. Wakati huo hupiga zaidi paa la gari, na pazia la dirishani huwa na kazi ndogo. Kazi yake kubwa ni ya asubuhi, kati ya saa tatu na saa tano, na ya alasiri, kati ya saa tisa na saa kumi na moja, jua linapoingia kwa mshazari kupitia madirisha ya ubavuni.

Msafiri anayetoka Murongo kwenda Omurushaka asubuhi huelekea kusini kwa jumla, hivyo jua la mashariki humpiga upande wa kushoto. Akirudi alasiri kwa njia hiyohiyo, jua la magharibi humpiga tena kushoto. Kwa anayeelekea mashariki, kama vile kutoka Kyaka kwenda Bukoba, upande hubadilika kwa majira: mwezi Juni jua hupita kaskazini na kuingilia zaidi kushoto kwake, na mwezi Desemba hupita kusini na kuingilia zaidi kulia. Mwenye gari anayefuata njia moja kila siku anaweza basi kuchunguza kwa juma moja upande unaochomwa, akanunua pazia moja au mawili kwa upande huo badala ya kununua seti nzima.

Linachozuia

Kazi ya kwanza ya pazia ni kuzuia mwanga mkali usimpige abiria usoni. Hii hulifanya vizuri, na kwa mtoto mchanga aliyelala, mgonjwa anayepelekwa hospitali au mzee anayesafiri mbali, hiyo peke yake ni faida inayotosha kulinunua.

Kazi ya pili ni kupunguza mionzi ya urujuanimno. Hapa yafaa kujua kwamba vioo vya gari havifanani. Kioo cha mbele kimeundwa kwa tabaka mbili za kioo zilizobandikwa na utando wa plastiki katikati, na utando huo huzuia karibu mionzi yote hiyo. Vioo vya ubavuni kwa kawaida ni vya tabaka moja. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2016, uliopima magari 29, ulionyesha kwamba vioo vya mbele vilizuia kwa wastani asilimia 96 ya mionzi ya kundi A, ambayo ndiyo hupenya kioo kwa urahisi zaidi. Vioo vya ubavuni vilizuia kwa wastani asilimia 71, na tofauti kati ya gari na gari ilikuwa kubwa: kutoka asilimia 44 hadi 96. Kwa hiyo anayekaa dirishani katika gari ambalo kioo chake ni dhaifu hupata mionzi mingi hata kama kioo kimefungwa, na pazia huweza kumsaidia.

Litamsaidia kiasi gani? Jibu limo kwenye matundu ya kitambaa. Mapazia mengi ni ya wavu, ili abiria aone nje. Mwanga unaopita kwenye tundu hauchujwi na chochote. Kilicho wazi ni wazi. Kama robo ya eneo la wavu ni matundu, basi robo ya mionzi iliyokwisha kupenya kioo itaingia. Upo utando wa kubandika kwenye kioo ambao huonekana mwangavu na bado ukazuia urujuanimno, lakini huo hauna matundu. Wavu unayo. Ukiona pakiti imeandikwa kwamba wavu huzuia asilimia 99 ya mionzi, nawe ukiuinua dhidi ya mwanga unaona mtaa mzima upande wa pili, shuku maandishi hayo.

Kwa watu wenye ualbino jambo hili si la starehe. Ngozi yao haina rangi ya kutosha kuwakinga, na saratani ya ngozi ni hatari kubwa kwao hapa nchini. Tunawashauri wachague kitambaa kilichofumwa kwa kushonana badala ya wavu, na hata hivyo waendelee kuvaa mikono mirefu, kofia pana na miwani ya jua, na kupaka mafuta ya kukinga ngozi. Pazia ni nyongeza ya kinga hizo, wala halichukui nafasi ya hata moja. Ikiwezekana, wakae kiti cha upande usio na jua.

Lisichozuia: joto la gari lililoegeshwa

Mkulima wa kahawa wa Karagwe anajua siri ya kivuli. Migomba na miti ya kivuli husimama juu ya mibuni, ikapokea jua kabla halijafika kwenye majani ya kahawa. Pazia la gari limewekwa kinyume. Liko ndani ya kioo, kwa hiyo jua limekwisha kuingia ndipo likutane nalo. Sehemu ya mwanga hurudishwa nje, hasa kama upande unaotazama kioo ni mweupe au wa rangi ya fedha. Sehemu iliyobaki huligeuza pazia lenyewe kuwa kitu cha moto ndani ya gari. Wavu mweusi hupumzisha macho, lakini hunyonya joto zaidi ya kitambaa cheupe. Ndiyo maana gari lililoegeshwa chini ya mti hupoa kuliko gari lililoegeshwa juani likiwa na mapazia yote.

Hapa ndipo penye hatari kubwa. Watafiti wa Marekani walipima joto ndani ya gari lililofungwa katika siku 16 za jua, na matokeo yakachapishwa mwaka 2005. Joto la nje lilikuwa kati ya sentigredi 22 na 36. Kwa wastani ndani ya gari liliongezeka kwa takriban nyuzi 22 katika saa moja, na asilimia 80 ya ongezeko hilo ilitokea katika dakika 30 za kwanza. Kufungua madirisha kidogo hakukusaidia kwa kiasi cha maana.

Tuhesabu kwa hali ya hapa. Kama Kayanga kuna nyuzi 24, hali ambayo wengi wataiita nzuri, gari lililofungwa juani laweza kufika nyuzi 40 na zaidi katika nusu saa, na kukaribia 46 katika saa moja. Mapazia yatapunguza kiasi fulani cha joto hilo, lakini hayataliondoa. Mwili wa mtoto mdogo hupanda joto kwa kasi mara 3 hadi 5 kuliko wa mtu mzima, na joto la mwili likifika nyuzi 40 mtoto yumo hatarini. Zaidi ya hayo, pazia lililofungwa humficha mtoto aliyelala, hata mpita njia asimwone akazidiwa.

Kwa hiyo tunasema bila kuzunguka: usimwache mtoto, mgonjwa wala mzee asiyejiweza ndani ya gari lililofungwa, hata kwa dakika chache za kuingia dukani, hata kama mapazia yote yamevutwa. Hakuna pazia lililotengenezwa kwa ajili hiyo. Ukimkuta mtoto katika hali hiyo, mtoe haraka, mpeleke kivulini, mlowanishe kwa maji ya ubaridi wa kawaida, mpepee na mkimbize kwenye kituo cha afya.

Macho ya dereva

Barabara za wilaya hizi hupanda na kushuka vilima, zina kona nyingi, na ukungu wa asubuhi si jambo la ajabu. Nyakati za kiangazi vumbi huongezeka. Barabarani wamo waenda kwa miguu, wanafunzi, baiskeli zenye mikungu ya ndizi na bodaboda zinazotokea ubavuni. Katika mazingira hayo dereva anahitaji kila sehemu ya kioo chake.

Pazia lisiwekwe kamwe kwenye kioo cha mbele gari linapotembea. Lisiwekwe pia kwenye dirisha la dereva wala la abiria wa mbele, kwa kuwa kupitia madirisha hayo dereva huona vioo vya pembeni na watokao kwenye njia panda. Jua linapompiga dereva usoni, atumie kikinga jua kilichopo juu ya kioo cha mbele, au miwani isiyo na giza kupita kiasi. Mapazia yabaki kwenye madirisha ya nyuma, na yafunguliwe jua linapozama au ukungu unapotanda. Likiwekwa pazia kwenye kioo cha nyuma kabisa, dereva ahakikishe kwanza kwamba vioo vyake viwili vya pembeni ni vizima na vimerekebishwa sawasawa.

Tunayasema haya pia kwa wale wanaobana khanga au kitenge dirishani. Kitenge kizito huzuia jua vizuri, pengine kuliko wavu mwingi unaouzwa, na kwa gari lililosimama hakina ubaya. Gari likitembea, kitenge kilichobanwa kwenye kioo huweza kuvutwa na upepo kikamfunika aliye karibu au kumziba dereva. Kama hali ya fedha hairuhusu kununua pazia, mfunike mtoto kivuli kwa kitenge akiwa amepakatwa, ukiacha uso wake wazi apate hewa, badala ya kukining'iniza dirishani.

Unapolichagua

Kwanza, pima dirisha kabla ya kwenda dukani. Chukua upana na kimo kwa sentimita. Dirisha la sentimita 60 likiwekewa pazia la sentimita 45 litaacha mwanya wa sentimita 15, na jua litaingia hapohapo lilipokuwa likimsumbua mtoto. Kumbuka pia kwamba madirisha ya milango mingi ya nyuma si mstatili kamili. Pembe moja hubaki wazi. Maandishi ya kwamba pazia hutoshea magari yote yasikuzuie kupima.

Pili, inua kitambaa dhidi ya mwanga. Tazama matundu yake kama tulivyoeleza, na tazama kama kingo zimeshonwa au zimeanza kufumuka.

Tatu, livute na kuliachia mara kumi papo hapo dukani. Springi nzuri hurudi kwa mwendo wa utulivu na kukunja kitambaa sawasawa. Springi inayokwama, inayorudi kwa kishindo au inayokunja kitambaa upande itaharibika mapema, na ile yenye kishindo huweza kumjeruhi mtoto kidole au jicho.

Nne, tazama linavyofungwa. Yapo yanayoshikiliwa na vibakuli vya raba vinavyonyonya kioo, yapo ya kulabu inayokaa juu ya ukingo wa kioo, na yapo ya skrubu. Vibakuli vya raba ni rahisi kufunga, lakini vumbi na joto huvifanya viachie. Pazia la kulabu huzuia kioo kisifungwe hadi mwisho, au hushuka pamoja nacho. La skrubu ni imara, ila hutoboa mlango. Kabla ya kutoboa popote muulize fundi kama gari lina mifuko ya hewa ya usalama ubavuni au juu ya milango. Mifuko hiyo hufumuka kwa nguvu ajali inapotokea, na ganda gumu lililofungwa mbele yake huweza kurushwa kwenye kichwa cha abiria.

Tano, epuka pazia lenye kamba ndefu inayoning'inia karibu na kiti cha mtoto. Kamba huweza kumzunguka shingoni.

Sita, usilichukue kuwa chandarua. Wavu wa pazia hauzibi kingo zote za dirisha, kwa hiyo mbu hupita, na vumbi laini la barabara hupita kwenye matundu yenyewe.

Kulifunga na kulitunza

Osha kioo kwa maji na sabuni kidogo, kikauke, kisha lowanisha kidogo raba na uibandike kioo kikiwa hakijapata moto. Baada ya kulifunga, funga na fungua mlango mara kadhaa kwa nguvu ya kawaida. Likianguka kwa mtikisiko huo, litaanguka pia kwenye barabara ya changarawe. Ganda lisikae mahali kichwa cha mtoto kitakapogonga gari likifunga breki ghafla, na mkanda wa usalama ubaki huru. Mtoto aliyefungwa vizuri kwenye kiti chake yuko salama kuliko mtoto aliye kivulini bila mkanda.

Baada ya safari za vumbi, livute pazia lote nje na ulifute kwa kitambaa chenye unyevu, kisha liache likauke kabla ya kulikunja. Vumbi likikunjwa pamoja na kitambaa husaga springi, na unyevu huleta ukungu mweusi kwenye nyuzi.

Haki ya mnunuzi

Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza mfanyabiashara kumpotosha mlaji kuhusu bidhaa anayomuuzia. Maneno ya pakiti ni sehemu ya ahadi ya muuzaji, na maneno ya mdomo pia. Kwa sababu hiyo, muulize muuzaji mbele ya mtu mwingine: pazia hili ni la gari gani, linazuia nini, na likiharibika ndani ya siku ngapi utanibadilishia? Kisha dai risiti, na omba aina ya bidhaa iandikwe juu yake. Hifadhi pakiti hadi utakaporidhika na kifaa.

Pazia likikwama au kufumuka mapema, rudi kwanza kwa muuzaji ukiwa na kifaa, pakiti na risiti. Eleza kasoro kwa utulivu na useme unachotaka: kubadilishiwa, kutengenezewa au kurudishiwa fedha. Akikataa, fika kwa ofisa biashara wa halmashauri ya wilaya yako. Malalamiko ya udanganyifu na bidhaa bandia hupokelewa na Tume ya Ushindani. Ya ubora na usalama wa bidhaa hupokelewa na Shirika la Viwango Tanzania. Thamani ndogo ya kifaa isikufanye unyamaze. Pakiti inayodanganya kuhusu usalama wa mtoto ni jambo zito hata kama pazia lenyewe liliuzwa kwa fedha kidogo, na taarifa yako huweza kuwa ya kwanza kuwafikia wenye mamlaka ya kuiondoa sokoni.

Nunua pazia, basi, kwa ajili ya mwanga unaomwunguza abiria wa nyuma safarini. Kwa gari linaloegeshwa, tafuta mti, na ushuke pamoja na mtoto wako.